Kisu chenye Mpini wa Njano

Nyumba ya akina Wambui huko Maple Grove, kitongoji cha Minneapolis, ilitangazwa kuuzwa mara tatu ndani ya miaka miwili, na mara zote tatu baba yake, Francis, ndiye aliyeiondoa sokoni. Mara ya kwanza alisema paa litengenezwe kwanza. Mara ya pili alisema wagonjwa wake watapata taabu wakiletewa dereva mgeni. Francis aliendesha vani ya kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu, na ni kweli kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakukubali kufungwa mkanda na mtu mwingine yeyote. Mara ya tatu hakutoa sababu. Aling'oa kibao cha wakala pale uani, akakisimamisha gereji nyuma ya makoleo ya theluji, akaingia ndani kunywa chai.

Mkewe, Mama Wambui, alikuwa ameuguza wazee katika nyumba za kutunzia wazee kwa miaka ishirini na sita. Magoti yalimuuma kila alipopanda ngazi. Nyumba yao ya kustaafia ilikuwa imekwisha kujengwa Mweiga, karibu na Nyeri, ikiwa na matangi mawili ya maji na mparachichi ambao tayari ulikuwa unawazalia majirani.

"Huyu mzee ameoa theluji," alisema siku ile kibao kilipong'olewa. "Mimi ni mke wa pili. Niambie tu, Francis, nikajenge kwangu."

Francis alikunywa chai yake.

"Ongea na baba yako," mama akamgeukia Wambui. "Wewe ndiwe anayekusikiza."

Wambui alisema ataongea, lakini hakuongea. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, mtoto wao wa pekee, na kazi yake ilikuwa kupanga vitabu vilivyorudishwa katika maktaba moja ya vitongojini, kazi aliyoipenda kwa sababu vitabu havimwulizi mtu habari za wikendi. Alikuwa na shahada ya historia. Chuoni alikuwa amesoma Kiswahili kwa miaka miwili, na tangu hapo mama yake alimcheka kwamba anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kikuyu walikitumia wazazi wenyewe kwa wenyewe, nyuma ya mlango.

Baba yake hakumwita Wambui. Alimwita Mama Mkwe. "Mama Mkwe amekula?" "Mama Mkwe, funga mlango, baridi inaingia." Ulikuwa mzaha wa tangu utotoni, na mzaha wenyewe ulikuwa na msingi, kwani Wambui lilikuwa jina la nyanya yake mzaa mama. Wakikuyu huwapa watoto majina kwa mpango. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, na wa pili kwa jina la mama wa mama. Wambui aliujua mpango huo kutoka kwa wamama wa kanisani, na alipokuwa na miaka kumi na mitatu alimwuliza mama yake mbona yeye, binti wa kwanza, alipewa jina la upande wa mama.

"Tulikuwa Amerika," mama akajibu. "Huku tunafanya tunavyotaka."

Jibu lilimtosha. Kweli kulikuwa na mambo mengi waliyoyafanya kwa kuwa walikuwa Amerika, kama vile kuweka nyama ya kondoo ya Krismasi kwenye friza tangu Oktoba.

*

Jumamosi moja ya Aprili alimpeleka mama yake mtaa wa Cedar-Riverside, mjini, kununua nyama ya mbuzi. Kulikuwa na maduka ya nyama karibu zaidi, lakini mama aliamini mbuzi wa huko kwingine ni mbuzi wa kudanganyia watoto. Walikuwa kwenye foleni ya kulipa, Wambui amebeba unga kilo kumi, pale mwanamke mnene mwenye kitenge cha samawati alipoacha kikapu chake sakafuni na kuja akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama Nyokabi! Ni weye kweli? Mama Nyokabi!"

Wambui alitazama nyuma kuona ni nani anayeitwa. Alipogeuka tena mama yake alikuwa ameitika.

"Euphrasie," mama alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayesoma jina kwenye karatasi.

"Ile ya ghorofa ya kumi na saba! Mulango kwa mulango! Nimerudi, niko kwa binti yangu Gentille, ile minara ile ile, voilà, Mungu ana mambo." Mwanamke alikuwa Mkongo, na alizungumza huku amemshika mama mabega kana kwamba anampima nguo. Kisha akamwona Wambui. "Na huyu? Usiniambie. Huyu ndiye Nyokabi? Eeh! Nilikubeba ku mugongo, mtoto! Ulinikojolea nguo ya kanisa! Iko mukubwa hivi?"

Wambui alifungua mdomo.

"Ndiye," mama akasema upesi. "Ndiye huyo. Amekua."

Wambui akafunga mdomo. Alikumbatiwa pamoja na unga wake. Euphrasie alinukia mafuta ya nazi, na hakumwachilia mpaka alipomwandikia namba yake kwenye simu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku foleni yote ikingoja na mwenye duka akitazama juu.

Garini Wambui alisubiri mpaka waliposhika barabara kuu.

"Mama, Nyokabi ni nani?"

"Nyanya yako. Mama ya baba yako, si unajua."

"Yule mama amesema alimbeba Nyokabi mgongoni."

"Watu wakizeeka wanachanganya."

"Lakini ukaitika. Na ukasema ni mimi."

"Nimesema ili atuachilie. Ona nyama inavyotoa maji." Mama aliishika mifuko mapajani mpaka nyumbani, na kule nyumbani akaikata nyama yote bila kufungua redio, jambo ambalo Wambui hakuwahi kuliona.

Ilikuwa wakati huo, akimtazama mama akikata, ndipo Wambui alipokumbuka kisu kingine. Zamani walikuwa na kisu cha mkate chenye mpini wa njano. Alipokuwa kidato cha pili, siku gurudumu la gari la baba lilipopasuka, Wambui alitumwa kutoa jeki, na chini ya gurudumu la akiba akakikuta kile kisu kimefungwa kwenye gazeti, pamoja na brashi ya kusugulia sakafu na chupa ya maji. Kwa kuwa ndivyo alivyo, hakusema kitu. Alirudishia gazeti kama lilivyokuwa. Lakini lililomshangaza sasa lilikuwa jingine. Mama yake, ambaye angepigia simu kanisa zima kutafuta kijiko kimoja kilichosahauliwa kwenye karamu, hakuwahi hata siku moja kukiulizia kisu hicho.

*

Alimpigia Euphrasie Jumatatu, baada ya kuandika kwenye karatasi atakayosema. Jumatano alitoka kazini mapema, akapanda treni, akashuka Cedar.

Kwa Gentille kulikuwa na harufu ya maharage, na televisheni ikiongea peke yake. Euphrasie alimkalisha, akamwekea sahani bila kumwuliza kama ana njaa, akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa mke wa mwanafunzi, jinsi wake wawili wa mlango kwa mlango walivyokuwa wakibadilishana chumvi na watoto, mpaka mume wake alipopata kazi jimbo jingine na wakahama.

"Mama yako alilia, mimi nikalia. Wewe pekee hukulia, ulikuwa unanyonya. Ngoja, nina picha."

Picha ilikuwa ya rangi, imekunjika pembe moja. Mama yake alikuwa kwenye roshani, mwembamba, nywele zimesukwa, na mtoto mwenye kofia ya sufu amemkumbatia shingo. Nyuma yao ulionekana mji wa Minneapolis, ukiwa na majengo machache kuliko ya sasa. Pembeni kamera ilikuwa imepiga tarehe kwa rangi ya machungwa: Septemba, mwaka wa tisini na saba.

Wambui aliisoma tarehe mara mbili. Kama kawaida yake alitamani kunyamaza, aondoke na anachokijua.

"Mama Gentille," alisema, "mimi nilizaliwa Novemba ya tisini na nane."

Euphrasie alicheka kwanza. Kisha akaichukua picha, akaiweka karibu na macho, akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya goti lake. Alifika mahali akasimama. Aliinua mkono, akaizima televisheni.

"Eh," alisema. "Eh, Yesu. Na mimi nikapiga kelele dukani."

"Hukujua."

"Sikujua. Tulihama Oktoba. Niliandika barua, hakujibu. Nikasema, Wakenya, wanasahau." Alimrudishia picha Wambui. "Chukua. Kula kwanza, lakini chukua."

*

Baba yake alikuwa na desturi ya kuosha gari Jumamosi asubuhi, mara moja kwa mwezi, kuanzia theluji inapoyeyuka hadi inapoanza tena. Aliondoka saa mbili na kurudi saa tano. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini gari moja linaoshwa kwa saa tatu.

Jumamosi ya kwanza ya Mei Wambui alimkuta gereji, ameshawasha injini.

"Nije nawe?"

"Naenda kuosha gari, Mama Mkwe. Utachoka."

Wambui aliingia, akafunga mkanda, akaiweka picha juu ya dashibodi, uso ukimwelekea baba yake. Francis aliitazama. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, mahali pale pale alipofunzwa kuiweka alipochukua leseni. Injini ilikuwa ikinguruma, mlango wa gereji wazi.

"Hatukubaki na hata moja," alisema mwishowe. "Nyanya yako aliambia mama yako azichome. Kofia hiyo niliinunua mimi."

Akarudi nyuma taratibu, akashika barabara kuu. Walipita mahali pa kuoshea magari bila kupunguza mwendo. Walivuka Minneapolis, wakavuka mto, wakaingia Saint Paul hadi upande wa mashariki, kwenye makaburi yenye uzio wa chuma na miti mikubwa isiyo na majani bado. Francis aliendesha katika vijia vile bila kutazama alama. Aliegesha, akafungua buti, akatoa gurudumu la akiba, na gazeti, na ndani ya gazeti kisu chenye mpini wa njano.

Sehemu hiyo ilikuwa ya watoto. Mawe yalikuwa madogo, yamelazwa usawa wa ardhi ili mashine ya kukata nyasi ipite juu. Baba alipiga magoti penye jiwe moja, akavua kofia.

"Mama, nimekuja," aliliambia jiwe kwa Kikuyu, maneno ambayo hata Wambui aliyaelewa. "Leo nimekuja na mdogo wako."

Jiwe liliandikwa NYOKABI, na miaka miwili iliyofuatana. Wambui alisimama akiwa na mikono mfukoni. Alijiuliza kama anapaswa kulia, akaona kwamba analolitaka zaidi ni kujua.

Baba alisimulia huku akifanya kazi, mgongo ukimwelekea. Mtoto alilala vizuri. Asubuhi hakuamka. Madaktari walisema ni jambo linalotokea, na hakuna aliyekosea. Ilikuwa Januari, ardhi imeganda, na mwenye makaburi akawaambia hawachimbi mpaka majira ya kuchipua, mtoto atahifadhiwa. Hivyo Francis, aliyekuwa akifagia ofisi huko mjini wakati huo, alikuja hapa kila siku baada ya kazi, kwa basi, kutazama theluji imepungua kiasi gani. Alijua kina chake kwa vidole. Ilipofika mwisho wa Aprili, ardhi ikafunguka, Mama Wambui alikuwa na mimba ya miezi miwili. Nyanya na shangazi wakapiga simu kutoka nyumbani kwamba mwenye mimba hasimami kaburini.

"Kwa hiyo nilimzika mimi, na mchungaji, na mwenye mashine," alisema. "Mama yako hakuja. Baadaye ulipozaliwa alisema, huyu asikue akijua kuna mtu alimtangulia, atakuwa na hofu. Nikakubali. Ukikubali jambo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili unaona haya kulikataa."

"Na jina? Mngenipa mimi hilo."

Francis aligeuka, akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto mdogo.

"Mama yangu alikuwa ameshaitwa. Jina lilikuwa na mtu. Wewe ni wa pili, tukakupa la pili."

Alirudi kwenye jiwe. Nyasi zilikuwa zimetambaa juu yake kutoka upande wa juu, nene kama zulia. Alichoma kisu kati ya jiwe na udongo, akakivuta kuzunguka ukingo kama mtu anayetoa keki kwenye chombo, kisha akang'oa ukanda mzima wa nyasi na kuutupa kando.

"Njoo uone hapa." Alionyesha kwa ncha ya kisu mita chache pembeni. Wambui hakuona kitu, kisha akaona pembe ya jiwe, ndogo kama kiberiti, imechomoza kwenye majani. "Hiyo na yenyewe ni ya mtoto. Nilikuwa naona mama yake, Mzungu, anakuja kila Pasaka. Akaacha. Sijui alihama au alikufa. Miaka mitatu tu tangu aache, ona. Mimi nikienda Mweiga hili litafunikwa hivyo hivyo, na hakuna atakayejua kuna mtu." Alifuta kisu kwenye suruali. "Mama yako anasema napenda theluji."

Wambui alinyoosha mkono. Baba akampa kisu, kwa kusitasita, mpini mbele. Alipiga magoti, akakichoma, akavuta. Kisu kikakwaruza jiwe na kuacha nyasi mahali pake.

"Si hivyo. Kilaze. Umekishika kama kalamu."

Alikilaza. Kilikwenda.

"Nitakuwa nikija mimi," alisema akiwa ameinamia kazi, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuliambia jiwe.

"Una kazi."

"Jumapili maktaba imefungwa."

"Huku ni mbali na Maple Grove."

"Mkiuza nyumba sitakuwa Maple Grove. Nitatafuta chumba upande huu."

Baba alimwaga maji ya ile chupa, akasugua kwa brashi herufi moja moja. Kabla ya kuondoka aliichukua picha kwenye dashibodi, akaichomeka kwenye kikinga jua, pale alipoweka kadi ya bima.

"Mama yako asijue nimekuleta," alisema walipofika.

Wambui hakuahidi. Alishuka na kisu mkononi, kikiwa na udongo, kwa sababu kilihitaji kuoshwa, na akaingia jikoni. Baba yake alibaki gereji akijifanya kupanga makoleo.

Mama alikuwa mezani akikunja mablanketi ya kutia kwenye pipa la kusafirishia mizigo nyumbani. Pipa lilikuwa limesimama jikoni tangu mwaka juzi. Walikuwa wamezoea kuweka mkate juu yake. Alikitazama kisu. Hakushtuka. Aliweka blanketi chini, akakichukua mkononi mwa bintiye, akafungulia maji na kukiosha polepole, makali, mpini, na pale makali yanapoingia kwenye mpini.

"Nyasi ni nyingi?" aliuliza.

"Upande wa juu. Baba anasema huko ndiko kunakoota sana."

"Jiwe ni la rangi gani?"

"Kijivu. Ukimwagia maji linakuwa jeusi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikikausha kwa kitambaa cha vyombo. "Na wewe umeweza?"

"Nimekata vibaya. Baba amerudia."

"Utazoea." Alitafuta gazeti, akakifunga kisu mara mbili, akakiweka kando ya funguo za gari la Wambui. Kisha akaegemea meza kwa mikono yote miwili, kama alivyofanya akitoka kazini. "Kabla ya Juni utanipeleka. Wewe, si yeye. Huyo anaendesha kama amebeba mayai."

"Nimesikia hilo," sauti ya baba ikatoka gereji.

"Nilitaka usikie. Leta kibao."

"Kibao gani?"

"Cha nyumba, Francis. Kiko nyuma ya makoleo."

Kisha wakasikia koleo moja likianguka, na la pili.